Binti Yangu na Mfungo

Nilijivuna, na heri niseme mapema. Binti yangu alipomaliza kidato cha nne alianza kufunga na kuomba. Mara ya kwanza siku tatu, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu. Kanisani kwetu Kalamba mtu wa kufunga hivyo huheshimiwa. Nikasimama mbele ya wote nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenipa mtoto wa maombi, na kina mama wakapiga vigelegele. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, sweta ikimning'inia mabegani, nami nikaona unyenyekevu. Mjinga mimi.

Alizimia akiteka maji. Hospitalini daktari alinieleza kuwa moyo wake umedhoofika kwa kukosa chakula, na akiendelea hivyo utasimama. Nikauliza kama ni mapepo. Akasema ni ugonjwa, mtoto anaogopa chakula. Shuleni wenzake walimcheka kwa unene, na kwenye mfungo alipata sababu ya kutokula ambayo hakuna mtu angeipinga.

Kila Alhamisi tukawa tunaenda kwa mshauri, mama mmoja mpole kwa sauti lakini mgumu kwa mambo yake. Alitupa sote wawili sahani ndogo ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

"Usimeze haraka," alimwambia binti yangu. "Sikia tu vile iko kwa ulimi. Uoga ukikuja, usipigane nao. Sema nimekuona, halafu urudi kwa chakula."

Hasira ilinipanda. Nimelima tangu utotoni, nimepita miaka ya ukame nikila chochote kilichopatikana, leo nafundishwa kutafuna! Tena macho yangu hayakutoka kwenye mdomo wa mtoto. Kila kijiko kilipopanda nilibana pumzi.

"Mama, angalia sahani yako," mshauri akaniambia. "Ukimchunga hivyo, anakula uoga wako pia."

Niliona aibu, nikainama. Binti yangu alimaliza vijiko sita kwa karibu nusu saa, machozi yakimtiririka. Nilitaka kupiga magoti nishukuru, lakini nilikuwa nimeambiwa niangalie sahani yangu.

Tuliendelea hivyo miezi miwili, nyumbani pia, redio ikiwa imezimwa. Kuna siku alimaliza sahani. Kuna siku alikaa na punje mdomoni hadi ugali wa wengine ukapoa, kisha akaenda kuitema nje. Sitasema uongo kwamba alikuwa anapona. Alikuwa hai tu.

Halafu mvua ikakosa kunyesha. Jumapili moja mchungaji akaita watakaofunga siku saba kuombea mvua. Mikono ikainuka, na wa binti yangu ukawemo. Nilitoka kwenye kiti changu nikaushusha kwa nguvu, watu wote wakiona.

"Mama, unamzuia mtoto kumtumikia Mungu?" mchungaji akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Huyu namzuia."

Binti yangu hakulia. Alinitazama akasema polepole, lakini waliokuwa karibu walisikia:

"Mum, hapa ndio mahali pekee watu wamewahi kunipenda. Na ni wewe ulianza kuwaambia mimi ni mtoto wa maombi."

Niliendelea kuushika mkono wake pale chini, na yeye akaendelea kuuvuta.