Maneno ya Kumpa Mgeni

Nilitoka Sumbawanga kwa sababu msimamizi wangu wa chuo alikuwa amenichoka. Tasnifu yangu inalinganisha maneno ambatani ya Kiswahili, yaani maneno mawili yaliyofungwa kuwa moja kama mpigapicha na kipimajoto, na yale ya Kifipa. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, mwalimu pale Malangali, mjini Sumbawanga, na Kifipa changu kinaishia kwenye salamu. Msimamizi akanipa nafasi ya mwisho: nilete maneno yanayosemwa na watu kweli, la sivyo nibadili mada nianze upya.

Asubuhi nilipanda basi hadi Namanyere, na mchana nikafika kijijini kwa Mama Telesfora, mzazi wa mwalimu mwenzangu. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku akipiga makofi taratibu, namna Wafipa wanavyompokea mgeni, nami nikaona haya kwa kutojua desturi hiyo.

Siku ya pili kazi ilinoga. Nilimuuliza Wafipa humwitaje mpigapicha. Akafikiri kidogo, akanipa neno. Kipimajoto je? Akanipa. Kwa jioni moja nikavuna maneno mengi kuliko mwaka mzima, nikajiona bingwa.

Kesho yake nikayapeleka sokoni Namanyere kuyahakiki. Wauza maharage, Wafipa watupu, waliyasikiliza kwa heshima zote, kisha mmoja akaniuliza kwa upole hayo ni ya kabila gani.

Jioni nilirudi nimenuna.

“Mama, yale maneno uliyatunga?”

“Niliyatunga, mwanangu,” akajibu bila wasiwasi. “Mgeni katoka mbali, kaomba kitu. Nimwambie hakuna?”

Hapo akaingia jirani kuazima kinu, akanisalimu kwa kuniita neno refu la Kifipa nisilolijua. Mama Telesfora akamkonyeza haraka. Nilipombana mama, alicheka mpaka machozi, akakiri kwamba ndilo jina langu kijiji kizima. Kwa Kiswahili lingekuwa Mpozaugali, maana kila chakula kikitengwa mimi huuliza maswali mpaka kinapoa. Iliniuma kidogo. Kisha nikamwomba anitamkie polepole.

Nilichojifunza ni kwamba neno la kweli haliombwi. Watu hulitunga ukiwa umewapa mgongo. Niliporudi Sumbawanga nikampelekea msimamizi neno hilo moja tu. Akanipigia kuuliza nina ushahidi gani kwamba linatumika. Nikamwambia apige simu kijijini, aniulizie kwa jina langu la ubatizo, aone kama kuna atakayenijua.