Sweta za Kinangop

Daktari alimruhusu mume wangu kukaa kwenye ndege masaa manne, si zaidi. Kenya ikawa haifikiki tena. Nikasema basi twende Jamaika, tulale hoteli ya ufuoni, maana nimetunza wazee wa watu hapa Silver Spring, Marekani, miaka kumi na moja na nilitaka wiki moja tu nami nitandikiwe kitanda. Yeye akachagua mji wa bara, usio na bahari wala watalii, chumba kimoja karibu na soko. Nilinuna mpaka tukafika.

Kule alinunua nduma za kupika na kusalimia kila aliyepita, kama yuko kwao. Siku ya pili akafungua sanduku ambalo nilidhani ni la nguo zake. Lilikuwa na majani ya chai, sabuni, leso na sweta za watoto, mizigo ile ile tuliyobeba kila tulipokwenda kwao Kinangop kwenye baridi, kwa sababu nyumbani hakuendwi mikono mitupu. Sweta, kwenye joto lile. Akampelekea mama mwenye nyumba, mtu ambaye hata hakumjua.

“Unatuaibisha,” nikamwambia.

Yule mama alipokea vyote, hakuuliza kitu. Akamshika mashavu, akamwita mwanawe, na mume wangu akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa dirishani, natazama.

Alifariki kabla ya theluji kuanguka. Kwao alikuwa ameshaaga, kule kule Jamaika. Mimi, niliyelala naye chumba kile siku saba, nilikuwa nimempa mgongo.