Alimletea Mkewe Bustani za Watu Dirishani

Jua halijakaza bado, na Mkasi tayari yuko magotini uani, anachimba kwa vidole kukizunguka kichaka cha asumini, akitaka kukihamisha. Jembe lipo pembeni, halitaki. "Jembe litakata mizizi," anasema bila kuinua kichwa. Mara mzizi mkuu unakatika hivyo hivyo mkononi, paa! Anautazama, anautupa na kusonya.

Mkewe anamwangalia kutoka dirishani.

Mkasi ndilo jina analojulikana nalo mtaa mzima. Ni fundi bustani. Anakata nyasi na kupunguza michongoma kwenye nyumba za wenye nafasi, leo hapa, kesho pale. Zamani, kila Jumapili, yeye na mkewe walikuwa na tabia iliyowachekesha majirani. Walivaa nguo zao nzuri, wakazunguka mitaa ya watu kutazama bustani tu. Hawakununua kitu wala hawakumtembelea mtu.

"Tulikuwa tunagombana njiani," mke anasimulia. "Yeye anataka maua ya rangi kali, mimi napenda meupe. Tunarudi nyumbani tumenuniana, siku nzuri imeisha!"

Kisha mke akapata kiharusi, miguu ikagoma. Tangu hapo Mkasi alizunguka peke yake, na kila bustani iliyomkuna aliiga kipande, akakipanda chini ya dirisha la chumba chao. Kijia cha mawe alikiona kwa daktari wa meno. Waridi nyeupe aliziona kwa bosi mmoja anayemfanyia kazi, akaomba kijiti, akapewa.

"Akirudi ananiambia, 'Mama, leo nimekuletea bustani ya yule mwalimu mstaafu,'" anasema mke. "Nami najibu, haya, tukae kwa mwalimu. Basi tunakaa mpaka giza linaingia."

Kiwanja ni cha marehemu kaka yake Mkasi, aliyemwambia kwa mdomo tu: "Lima, mdogo wangu, hakuna atakayekugusa." Mwezi uliopita mtoto wa kaka huyo alifika na fundi ujenzi, wakapigilia vigingi na kuvuta kamba juu ya maua. Anajenga vyumba vya kupangisha.

"Baba mdogo, nakuheshimu sana," alimwambia, "lakini maua hayasomeshi watoto."

Viongozi wa mtaa walimsikiliza Mkasi, wakamwambia ashukuru ameachiwa chumba. Ashukuru! Mtu anang'olewa kila alichopanda, halafu anadaiwa shukrani.

Mkasi anasema hana hasira na kijana. Hasira zake anajimalizia mwenyewe. Mafundi wenzake, ambao nao wanaishi kwenye viwanja vya watu, hupanda maua yao kwenye makopo na ndoo mbovu ili siku wakiondolewa wayabebe. Yeye aliwacheka.

"Niliwaambia hiyo si bustani, ni duka la makopo," anasema. "Fundi mzima nipande kwenye kopo? Nikazika kila kitu ardhini. Maringo tu, ndugu yangu. Wenzangu wanabeba maua yao wanaondoka. Mimi nikigusa tu, yanakufa."

Ukuta mpya utasimama hatua moja kutoka dirishani. Mkasi alifikiria kupanda kitu cha kutambaa, akashinda uani siku nzima akifuatilia kivuli. Jua halitafika pale.

"Mwambie aupake rangi ya kijani," mkewe alisema, akacheka. Mkasi alitoka nje.

Na bado. Kijana amemwomba, kwa adabu zote, apande maua kidogo mbele ya vyumba hivyo, upande wa barabarani, ili wapangaji wavutiwe.

"Nimekubali," anasema Mkasi. "Ningefanyaje? Tunakaa kwake."

Mpango wake sasa ni kumpeleka mke mwenyewe akazione bustani za watu. Kiti cha magurudumu hawana. Wana toroli.

"Lile la samadi?" mke anauliza kutoka dirishani. "Loo! Lioshe kwanza, mwanaume wewe. Na mto uweke. Sitaki kufika kwa watu nanuka."

Ameshaliosha. Ameshabisha hodi pia kwenye nyumba anazofanyia kazi, kuomba waingie watazame kidogo. Nyumba mbili zimekataa. Moja ilimtuma mlinzi aje kusema kwamba pale si hospitali. Mwenye waridi nyeupe amekubali, ila wasije akiwa na wageni, naye Jumapili zote ana wageni.

"Basi tutakwenda siku ya kazi," anasema Mkasi, akifuta udongo mikononi. "Mimi nakata nyasi, mwenzangu anatazama. Nimemwambia bosi siku hiyo asinilipe."