Maoni ya Sieni Yaliyogharimu Nguruwe Watano

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Sieni Lolani, miaka 58, anavuta kipaza sauti na kusoma saa za kivuko. Kisha matangazo ya vifo. Kisha bei ya magimbi sokoni. Basi. Anavua miwani na kuondoka.

Nusu saa inayofuata ilikuwa yake. Kwa miaka kumi na tisa redio hii ndogo ya Savai'i, kisiwa cha Samoa, ilimlipa tala 110 kwa wiki, naye alitoa maoni kuhusu chochote kilichompendeza au kumkera: filamu, chanjo za kuku, michoro ya ngozi, jiko la umeme la kupikia wali. Ulimi wake, lo, haukuwa na breki.

Mwezi uliopita akaigusa kwaya. Ndugu zetu walioko Auckland, New Zealand, walileta kinanda cha umeme kanisani. Sieni akasema hewani kwamba kinanda kimemeza sauti za watu, na mpigaji anabonyeza kitufe tu. Mpigaji ni mke wa mchungaji.

Jamani! Hapa kwetu mchungaji hagusiki, na mtu hakosi peke yake, ukoo mzima hukosa. Baraza la wazee lilimtoza kaka yake, Ropati, mkuu wa ukoo: nguruwe watano na katoni ishirini za samaki wa kopo. Alilipa siku ileile. Nguruwe hao walikuwa wa harusi ya binti yake, na harusi ikaahirishwa. Sieni naye akanyang'anywa nusu saa yake, akaachiwa kusoma matangazo tu.

"Dada, ungeyasema jikoni tungecheka wote," Ropati anamwambia, ameketi mlangoni, hamtazami usoni. "Redioni umenivua nguo."

"Kwani nilidanganya?"

"Nani kasema umedanganya? Mimi naimba besi, na sijisikii mwenyewe! Lakini wewe unasema, mimi nalipa."

Sieni analia, wala hajifichi. "Kunyamazishwa nitavumilia," ananiambia. "Kumwona yule mtoto akikunja gauni lake la harusi na kulirudisha sandukuni, siwezi."

Jumapili ataomba msamaha kanisani. Baada ya hapo anataka baraza limrudishie nusu saa yake, azungumzie nyota za angani tu.

"Nyota hazina ukoo wa kutozwa," anasema.

Ombi hilo halisikilizwi mpaka Ropati alipeleke. Anamuuliza kaka yake: atalipeleka lini?

Ropati anakuna goti.

"Baada ya harusi," anajibu.

Harusi haijapangiwa tarehe.