Geti Aliloliruka Fundi

Fundi wa kuchomelea alikuwa mtu wa kelele. Kwenye kile kibanda chake cha mabati, usipopaza sauti husikiki, kwa hiyo hata nyumbani aliomba chumvi kama anaita zimamoto. Lakini kila Jumamosi mchana, akishaoga na kuvaa shati la mikono mirefu linaloficha makovu ya cheche, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa na vijana wa kanisa, wa miaka kumi na mitatu mpaka kumi na saba, kwenye chumba cha nyuma vinakotupwa viti vibovu, akawafundisha namna ya kumwambia mtu habari za Yesu bila kumkimbiza.

"Kwanza salimu," alikuwa akisema. "Halafu uliza hali, na uulize kwa kumaanisha. Sikiliza mpaka mtu amalize. Ndipo useme habari zako na Yesu. Zako wewe, si za mchungaji."

Mazoezi walifanyia kwenye mlango wa kabati, mmoja akibisha hodi na mwingine akiwa mwenye nyumba. Kuna kijana walimbandika jina la Askofu kwa jinsi anavyojiona. Siku moja zamu yake ilipofika, hata hajakaribishwa, akanguruma, "Tubuni! Hasira ya Mungu i juu yenu!" Mwenye nyumba akamfungia kabati puani. Wenzake wakacheka mpaka machozi.

Fundi hakucheka. "Usimwambie hivyo mtu yeyote," alisema taratibu. "Umenielewa? Yeyote." Vijana wakatazamana. Kha! Mzaha tu huu, mbona mwalimu kabadilika sura?

Basi ikafika Jumamosi ya kutoka kwa mara ya kwanza. Fundi alikuwa amechora ramani kwenye karatasi ya manila: mitaa mitatu nyuma ya kanisa, kila geti na kiboksi chake, kila wawili na upande wao. Mengi ya mageti hayo aliyatengeneza kwa mikono yake, anayajua bawaba kwa bawaba. Msichana mmoja waliyemwita Kasuku, maana mdomo wake haujui likizo, akaiinamia ile karatasi.

"Mwalimu, hapa umeruka geti. Lile la bluu, baada ya duka la mkaa."

"Hapo hakai mtu."

"Mbona mimi juzi nilipita nikaona..."

"Nimesema hakai mtu, Kasuku."

Uongo mtupu, tena ndani ya nyumba ya Mungu, Biblia ikiwa kwapani! Hapo alikaa dada yake.

Dada mkubwa, tumbo moja, aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa sokoni. Miaka tisa nyuma, dada huyo alimpoteza mwanawe wa pekee, mtoto wa miaka sita, kwa homa ya siku tatu. Fundi wakati huo alikuwa ameokoka miezi minne tu, ana moto kuliko mashine yake ya kuchomelea, na dada alikuwa ameacha kanisa siku nyingi. Pale msibani, mbele ya waombolezaji, Fundi akasimama na kumwambia kwamba kifo kile ni adhabu yake. Alisema na mengine, na yeye akiona anashuhudia. Dada alinyanyuka, akaingia chumbani, na tangu siku hiyo hawajasemeshana.

Fundi akahama kanisa. Huko alikohamia hakuna aliyejua. Akipeleka mageti kwa wateja, mkokoteni wake ulizunguka barabara ya pili, jua kali au mvua, ili tu asipite kwa dada. Alipoomba kufundisha vijana, mchungaji alimsifu kwamba ana wito. Wito gani! Ilikuwa hofu, hofu kwamba siku moja mtoto wa mtu atamwambia mfiwa aliyoyasema yeye.

Saa kumi kasoro vijana walianza kurudi, wamepauka vumbi, kila mmoja anataka asikilizwe wa kwanza. Askofu alisema amefukuzwa na mbwa lakini amesalimia watu watano. Fundi akawahesabu. Akarudia kuhesabu.

"Kasuku yuko wapi? Na mwenzake Mpole?"

"Wako kwenye lile geti la bluu," Askofu alijibu. "Waliona nguo zimeanikwa, Kasuku akasema Mwalimu kapitiwa, kumbe mtu yupo. Waliingia saa nane na nusu."

Saa moja na zaidi! Mdomo wa Kasuku, ndani ya nyumba ile, umeachiwa uende utakako. Je, kama amesema neno? Na je, kama dada naye amesema, akawaambia mwalimu wenu ni mtu wa namna gani? Aibu ni kwamba hakujua lipi linamtisha zaidi.

Aliwaachia wengine kwa mama mlinzi wa kanisa, akatoka mbiombio. Alipofika kwenye duka la mkaa akapunguza mwendo. Getini aliinua mkono, akaushusha. Akauinua tena. Vijana wa miaka kumi na minne wameweza, yeye mwanamume mzima na ndevu zake anashindwa kubisha.

"Hodi."

"Karibu, pita," ikajibu sauti kutoka ndani, sauti ya marehemu mama yao kabisa.

Wasichana wawili walikuwa wamekaa kwenye kochi, wamebanana. Mezani kulikuwa na daftari la chekechea na albamu ya picha. Kasuku alikuwa kimya, macho mekundu. Dada aliinua uso, akamtambua, na tabasamu alilokuwa nalo likamtoka.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. "Fundi," alisema, kama anavyoitwa mtu aliyekuja kurekebisha dirisha.

"Nimewafuata wanafunzi wangu."

"Wako? Na mimi nilikuwa najiuliza nani amewafundisha kusikiliza hivi."

Kasuku alimgeukia. "Mwalimu, si ulisema hakai mtu? Halafu huyu mama ni dada yako kweli? Umemwita dada."

"Ni dada yangu. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

Dada akamwahi Fundi. "Waambie. Neno kwa neno. Ulilisema mbele za watu, lirudie mbele za watu."

"Dada, wakati ule nilikuwa bado mchanga katika imani..."

"Sijakuuliza umri wa imani yako."

Jasho likamtiririka chini ya ile mikono mirefu. Aliwatazama wale watoto waliokuwa wakimsikiliza kila Jumamosi kana kwamba hajawahi kukosea. Akakaza macho sakafuni, akasema.

"Nilimwambia, 'Mungu amekunyang'anya mtoto kwa sababu umemkimbia. Usilie, tubu.' Jeneza likiwa hapo hapo."

Mpole akaziba mdomo kwa viganja. Kasuku alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Si Mungu aliyesema," Fundi aliendelea. "Nilisema mimi. Nilikukosea sana, dada yangu. Naomba unisamehe."

Dada hakusema amesamehe. Aliifunga albamu, akaifungua tena palepale walipokuwa.

"Miaka tisa watu wananipa pole," alisema. "Hawa ndio wa kwanza kuniuliza mwanangu alikuwa mtoto wa namna gani. Ndiyo nilikuwa nawasimulia, na hatujamaliza."

"Hata kwa Yesu hatujafika, Mwalimu," Kasuku alinong'ona, kama anayejitetea.

"Mtafika," dada akamwambia. "Kwani nimewafukuza?"

Fundi alibaki amesimama, hajui aende au abaki. Akafungua mdomo.

"Kaa," dada alisema bila kumtazama. "Ila usiseme kitu."

Kasuku akasogea. Fundi akakaa, magoti pamoja. Dada akageuza ukurasa, akaendelea na habari ya mtoto aliyeogopa kuku kuliko mbwa, aliyekuwa akipanda juu ya meza na kumwita mjomba wake aje amwokoe. Wasichana wakacheka. Fundi ndiye huyo mjomba, na alikuwa amesahau.