Goti la dakika ishirini, saini ya miezi mitano

Umemruka. Usigeuke kutafuta anayeambiwa ni nani. Ni wewe, mwenye kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili, uliyeinua mguu juu ya ndoo yake ukasema "samahani mama" bila kutazama chini. Ulimruka jana na kesho utamruka tena, na ukiulizwa ana sura gani utabaki kukuna kichwa.

Basi mtazame leo, japo kwa muda huu unaosoma.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanamke wa miaka hamsini na nne yuko ghorofa ya saba ya jengo la ofisi, juu kabisa ya ngazi. Ana ndoo, kopo la dawa ya kung'arishia na matambara mawili. Anachukua soli ya ndala kuukuu, anaifunga kwenye goti la kulia kwa utepe uliochanwa kwenye shuka, kisha anapiga goti hilo moja. Mguu wa kushoto anaunyoosha pembeni, umekakamaa kama mpini wa fagio. Anaanza kusugua.

Chini yake kuna vipandio mia moja hamsini na vinne. Kila kipandio kina ukingo wa shaba, na shaba hiyo haing'ai kwa dekio. Inataka mkono na tambara, na mtu aliyepiga magoti. Mashine ya kusugulia iliharibika miaka sita iliyopita. Iliahidiwa kutengenezwa "wiki ijayo". Wiki hiyo bado haijafika.

Jina lake hakuna anayelijua kwenye jengo lile. Wafanyakazi wapatao mia nne humwita mama. Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenzake, ndiye aliyembandika jina la Bi Ngazi, na yeye analipenda.

"Mama wa nani?" anauliza, mkono hausimami. "Mimi sikujaliwa mtoto. Hapa ndiyo nina mia nne, na wote wana haraka."

Ana miaka kumi na saba kwenye ngazi hizo. Kwenye makaratasi ana miezi minane. Kampuni za usafi zimebadilishwa mara nne, na kila mpya ikiingia humwandika kama mtu aliyetoka nyumbani jana, humweka kwenye majaribio ya miezi mitatu, humwonyesha namna ya kushika tambara. Kijana mmoja wa kampuni ya tatu alimfundisha kwa bidii kweli. Bi Ngazi alimwacha amalize, akamwambia, "Ahsante mwanangu, sasa nimeelewa." Mshahara wake wa mwezi haununui jozi moja ya viatu vinavyomruka.

Goti la kulia lilianza kumsumbua miaka minne iliyopita. Lilikuwa linakwama. Anainama vizuri, akitaka kuinuka halifunguki, anabaki pale ameshika ukuta hadi litakapoamua lenyewe. Watu walipita. Mmoja alimuuliza kama amedondosha kitu.

"Nilimwambia ndiyo," anasema Bi Ngazi. "Akaniambia nikikipata nimjulishe. Akaenda zake."

Daktari wa mifupa alimweleza kwa lugha ya kueleweka: ndani ya goti kuna kipande cha gegedu kimechanika, kinanasa kama kucha iliyokatika nusu inavyonasa kwenye nguo. Matundu mawili madogo, kinaondolewa, na jioni mgonjwa yuko kwake. Kadi ya bima ya kampuni ilikubali kulipa. Alipewa tarehe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi. Aliwaza msumeno na nyundo. Alifika hospitali saa moja asubuhi, tumbo tupu kama alivyoagizwa, amevaa gauni lake zuri. Muuguzi alichukua fomu, akaipitisha macho, akasimamisha kalamu kwenye mstari mmoja.

"Msindikizaji wako yuko wapi, mama?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kuja unaweza kuja mwenyewe. Kuondoka ndiyo huwezi. Lazima mtu aje, atie saini, akufikishe nyumbani. Miguu itakuwa na ganzi."

"Nitasubiri iishe."

"Mama, hii sheria sikuitunga mimi."

Na sheria yenyewe haina ubaya, tuseme kweli. Mtu aliyetoka kupasuliwa asiachwe barabarani peke yake. Aliyeiandika alidhani tu kwamba kila binadamu ana mtu. Bi Ngazi alirudishwa na njaa yake, akapangiwa tarehe nyingine. Miezi mitano mbele.

Mume wake alifariki miaka tisa iliyopita. Mdogo wake wa kike ameolewa mwendo wa siku mbili kutoka hapo, na sukari imemla macho, naye anashikwa mkono kufika uani. Ndugu wengine hana. Lilibaki jengo, na ilibaki nyumba ya kupanga anakokaa, chumba kimoja kati ya vyumba sita vinavyotazamana.

Alianza na jirani wa mlango wa pili. Jirani alisikitika kweli, machozi yakamlenga. Lakini ana genge la mboga, akilifunga siku nzima wateja wanahamia kwa mwenzake. Mlinzi wa jengo aliapa angekwenda hata kwa magoti, ila lindo haliachwi. Mwenzake aliachishwa kazi kwa kwenda kununua dawa ya mtoto, tena dakika kumi.

Bi Ngazi akapiga moyo konde, akapanda ghorofa ya tano kwa meneja mmoja. Huyu alikuwa na sababu ya kumkumbuka. Mama yake mzazi aliwahi kuanguka kwenye ngazi hizo alipokuja kumtembelea mwanawe, na aliyemlaza kichwa mapajani, akampepea kwa kitambaa cha kufutia shaba mpaka alipozinduka, ni Bi Ngazi. Meneja alikuwa kwenye kikao. Alitoka baada ya nusu saa.

"Siku hiyo nimebanwa, mama yangu," meneja akamwambia. "Lakini usijali, nitakulipia teksi."

"Teksi haitii saini, baba."

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Akaingia kwenye lifti.

Hayo yote yalitokea mbele ya watu. Aliuliza kwenye korido, aliuliza jikoni kwenu mnakochemshia maji. Mtu akisema baadaye kwamba hakujua, huyo alikuwa na masikio ya mapambo.

Tarehe ya pili ilipokaribia, Bi Ngazi alifanya jambo ambalo mtu mwenye watu hawezi hata kulifikiria. Nyumbani, kwenye sanduku la nguo, anatunza simu ya marehemu mumewe. Kila Jumapili huichaji, na huweka salio kidogo ili laini isifungwe. Haijawahi kuita tangu azikwe mwenyewe. Bi Ngazi alichukua fomu, na kwenye mstari wa msindikizaji akaandika jina la mumewe na namba ile. Uhusiano: mume. Akaitia simu kwenye mkoba, akaenda.

Safari hii hakuna aliyemzuia. Muuguzi yule yule aliona mstari umejaa, akampa gauni la hospitali.

Sasa sikia kuhusu kisu chenyewe, kile kilichomnyima usingizi. Walimdunga sindano moja ya ganzi mgongoni. "Kama siafu," anasema. Miguu ikaondoka, akawa anaiona lakini si yake tena. Pembeni kulikuwa na kioo kama televisheni, na ndani yake kitu cheupe kinametameta.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Goti lako, mama. Ndani," daktari akamjibu.

Akakitazama weee. "Huko anafagia nani? Pasafi kuliko ngazi zangu."

Chumba kizima kilicheka. Daktari aliomba wasimchekeshe, mkono unatikisika. Redio ilikuwa inaimba taratibu. Bi Ngazi alisubiri maumivu yaanze, akajikaza, akasubiri tena.

"Mmeshaanza?"

"Tumemaliza, mama. Dakika ishirini. Tunaweka plasta."

Miaka minne ya kukwama ukutani na miezi mitano ya kuomba mtu! Jambo lenyewe lilikuwa fupi kuliko kusugua ghorofa moja. Bi Ngazi anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka, daktari akamuuliza kama ganzi imekwisha.

Alilazwa kwenye chumba cha kuzindukia, vitanda vinane. Kufika saa nane mchana watu walianza kuchukuliwa. Kaka alimchukua kaka. Mke alimvalisha mume viatu huku akimgombeza kwamba si angesikia tangu mwanzo. Bi Ngazi alitazama vitanda vikibaki vitupu kimoja kimoja, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye dripu.

Saa tisa muuguzi alishika fomu, akaenda kwenye simu ya mezani kumpigia msindikizaji. Simu ikaita. Iliita chini ya kitanda cha Bi Ngazi, ndani ya mkoba, kwa mlio ule ule wa kengele ambao mumewe aliuchagua mwenyewe kwa sababu alikuwa hasikii vizuri.

Muuguzi alikata. Akapiga tena. Mkoba ukaita tena. Akaja taratibu, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Huyu ni nani, mama?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Ana miaka tisa kaburini."

Muuguzi aliweka fomu mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa marehemu hawatii saini. Tungewaruhusu, foleni ingefika barabarani."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Bi Ngazi.

Muuguzi alimwacha kitandani hadi zamu yake ilipokwisha, saa kumi na moja jioni. Akabadilisha nguo, akarudi amevaa za nyumbani, akatia saini kama mpwa, akamfikisha hadi mlangoni kwake, akamwekea maji karibu na kitanda. Kabla hajaondoka alimwambia ukweli. "Hii nimeiba, shangazi. Mfanyakazi haruhusiwi kumtilia mgonjwa saini. Wakigundua nitafukuzwa. Goti la pili, tafuta mtu."

Kwa sababu lipo la pili. La kushoto nalo limechanika, kwa kubeba mzigo wa mwenzake miaka yote hiyo.

Siku kumi na mbili alikaa ndani, bila malipo. Jirani wa genge alimletea uji mara tatu, tusimnyime haki yake. Kutoka kwenye jengo la watu mia nne hakuja mtu wala salamu. Siku ya tatu simu ya mumewe iliita sandukuni. Alijikokota kwenda kuipokea. Muuguzi alikuwa anafuata namba iliyo kwenye faili.

"Samahani," sauti ikasema, "naongea na marehemu?"

Bi Ngazi alicheka mpaka plasta ikamvuta. Anasema ndiyo siku aliyoongea na mtu kwa muda mrefu kuliko zote katika mwaka ule. Yalikuwa maongezi ya dakika sita.

Leo ni miezi miwili tangu upasuaji. Goti la kulia linafunguka kama la mtu mwingine. Ndiyo maana anapiga hilo moja, huku la kushoto likinyooshwa pembeni. Wiki iliyopita kampuni ilipokea malalamiko kutoka ghorofa ya nne: mguu wa mfagiaji unaziba njia. Malalamiko yaliandikwa, yakasainiwa, yakawekwa mhuri. Kumbe saini mnazo!

Anapofika ghorofa ya tatu, jua linaingia kwenye dirisha la ngazi na shaba aliyoiacha nyuma inawaka. Anapumzika kidogo, anasema anachokitaka. Kaburi la mumewe liko juu ya kilima kisicho na ngazi wala ukuta wa kushika, nyuma ya makaburi mengine yote. Kwa miaka minne amekuwa akifika getini, anamsalimia kutoka chini, anarudi.

"Nikipona yote mawili nitapanda," anasema. "Nikamwambie simu yake imeita. Atashangaa, alikuwa analalamika hakuna anayempigia."

Kisha anachovya tambara, anaendelea kushuka.

Tarehe ya goti la kushoto ni Alhamisi ijayo, saa moja asubuhi. Fomu iko kwenye mfuko wa aproni yake, imekunjwa mara nne, na mstari wa msindikizaji hauna jina. Akirudishwa tena, ni miezi mitano mingine ya mguu wa pembeni, na ninyi mkiuruka.

Kama unafanya kazi kwenye jengo lile, unajijua. Kama hufanyi pale, kwako nako kuna ngazi, na zinang'aa, na hazijing'arishi zenyewe. Weka gazeti chini. Usimtume mtu na usimwahidi teksi. Toka kwenye lifti, shuka kwa miguu, muulize jina lake, umwombe fomu na uandike lako. Fanya sasa, kabla hajafika kipandio cha mwisho.