Kifutu Hapandi Mlimani

Mimi ni mtoto wa Makanya niliyeolewa huku juu milimani, kijijini Mamba, na nyoka nawajua. Sijisifu. Kule kwetu tambarare ukiinua jiwe bila kutazama, umejitakia mwenyewe. Kwa hiyo jioni ile nilipofika kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, nikaona kitu kimejikunja ndani ya tundu la kutolea maji, nilipiga yowe mpaka koo likaniuma.

Zamu ya maji ya kesho yake ilikuwa yangu. Mwenye zamu ndiye anayekuja jioni kuliziba tundu kwa gogo, majani ya mgomba na udongo, ili bwawa lijae usiku. Usipoziba, asubuhi unakuta tope, na zamu inakwenda kwa mwingine. Tangawizi yangu ilishaanza kunyauka. Sasa ningezibaje na nyoka yumo ndani?

Mama mkwe alikuwa jirani anakata majani ya ng'ombe, akaja mbio na jembe. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, naye akaegesha bodaboda yake na kushuka.

"Kifutu," nikawaambia.

Shemeji akacheka. "Shem, hapa si Makanya. Kifutu hapandi mlimani, baridi itamuua. Huyu ni mla mayai. Anajifananisha na kifutu ili aogopwe, lakini hana sumu wala nini. Nimewaona kwenye simu. Msimuue, hana kosa."

Mama mkwe akalilaza jembe ukingoni, akashika kiuno. "Anakula nini, umesema?"

"Mayai, mama."

"Kumbe ni huyu anayenimalizia mayai yangu! Auawe leo hii hii!"

Jamani! Pamoja na hofu yote nikacheka. Aliyetetewa kwamba hana kosa ndiye akahukumiwa kufa. Shemeji akaanza upya, eti kila kiumbe kina kazi yake, mama mkwe akamjibu kwamba nyoka ni nyoka tu, na maji nayo yakawa yanaondoka huku tukibishana.

"Ila hatauawa humo ndani," mama mkwe akasema. "Damu haimwagwi kwenye ndiva." Ndivyo alivyolelewa, na kwa hilo humwambii kitu. Basi ikabidi atolewe kwanza.

"Mtazameni shingo," nikasema. "Mla mayai ni mwembamba, kichwa chake kidogo. Huyu kichwa kipana, shingo imebanwa, mwili umejaa kama muhogo. Halafu sikilizeni anavyovuta pumzi!"

"Shem, unaogopa tu."

Hapo nikapandwa na hasira. Naogopa? Ndiyo, naogopa, sasa? Mwenye akili haogopi kifutu? Nilikuwa bado natafuta neno la kumkomesha, yeye akakunja mkono wa jaketi, akapiga magoti kwenye ukingo. "Ngojeni niwaonyeshe." Akanyoosha mkono tunduni.

Hospitali iko mbali, na dereva wa kutupeleka ni yeye mwenyewe! Sikuwaza tena. Nilimsukuma kwa mikono yote miwili, shemeji yangu mzima, akaenda majini chubwi, na jaketi lake. Nyoka akaruka palepale mkono ulipokuwa, akagonga mpini wa jembe uliolala ukingoni, akarudi ndani. Tukautazama mpini. Ulikuwa na michirizi miwili ya majimaji ya njano.

Nikachukua reki ndefu ya kutolea takataka, nikamvuta polepole mpaka njiani. Wala hakukimbia. Alijivimbisha tu akavuma. Mama mkwe akainua jembe, kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye unayemjua. Tumuue?"

Shemeji alikuwa ametoka majini, anakamua jaketi. "Msiniangalie mimi," akasema.

Ingekuwa porini kwetu ningemwacha ale panya wake. Lakini njia ile watoto wanaipita alfajiri kwenda shule, na kifutu hampishi mtu. "Auawe," nikasema, na roho iliniuma kusema. Mama mkwe alipiga mara moja.

Jua lilikuwa linazama. Gogo lilikuwa tayari, majani tayari, na tundu jeusi linanisubiri.

"Hivi," shemeji akauliza kwa sauti ndogo, "wanakaaga wawili wawili?"

Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono na gogo mpaka begani. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Ndipo nikasikia kanga yangu imekamatwa kiunoni kwa nyuma, imevutwa kwa nguvu za mikono miwili.

"Ziba, mwanangu," mama mkwe akasema. "Akikuuma wewe, ameniuma mimi."

Nikalisukuma gogo.